Tanbihi ya Kumi na Saba

Lilianzia kwenye supu.
Wietske, mtaalamu wa mito, kijiko kikiwa hewani,
alisema: "Mto haujamvamia mtu.
Sisi ndio tuliokwenda kulala njiani pake."
Tulikuwa sita, kantini ya ghorofa ya tatu, Brussels,
mvua ikichapa vioo, na kikao kimeshaanza bila sisi.
Wanne walicheka.
Mmoja aliandika nyuma ya risiti.

Siku hizo tulikuwa na neno moja: ulinzi.
Ulinzi dhidi ya mafuriko. Mfuko wa ulinzi. Kamati ya ulinzi.
Na kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa ukuta
kila waziri aliomba saruji.
Hakuna aliyewashurutisha.
Neno lilishakaa kitini kabla wao hawajaingia.

Risiti ikawa kumbukumbu za kikao,
kumbukumbu zikawa tanbihi, ya kumi na saba,
kwa herufi za chawa ambazo mawaziri hawasomi;
na humo, kama mbegu kwenye ufa wa sakafu:
nafasi kwa mto.

Nimeona kura nyingi. Zinahesabiwa, zinapigwa picha.
Lakini kura ni mgeni wa karamu:
hufika chakula kimeshatiwa chumvi.

Mwaka uliofuata balozi mmoja alitamka "nafasi" mara mbili
asijue kaiokota wapi.
Mwenzake akampinga, na kwa kumpinga akalirudia.
Wakaja watu wa saruji, na tai zao, na majedwali yao,
wakasema: nafasi, sawa, ila nafasi yenye kingo.
Hapo nikajua yamekwisha.
Walikuwa wanagombana nasi
ndani ya nyumba yetu.

Kazi yangu mimi ni ndogo.
Lugha ni ishirini na nne; yangu moja.
Rasimu ikifika naivika Kislovakia, nafunga vifungo,
naangalia kama mabega yamekaa.
Saa nne usiku, ibara ya tisa, nikaandika:
"eneo la kupokea maji".
Nikalitazama. Limenyooka, halina doa,
halina mtu ndani.
Nikazima taa.

Barua ilimkuta Imrich Hudák kando ya Ondava
akipogoa miplamu.
Hakuniandikia mimi. Alikwenda kwa mama yangu
na viatu vyake vya tope, akasimama mlangoni:
"Binti yako si yuko huko kwao?
Muulize, huyu Eneo ni nani?
Maana wanasema shamba ni lake."

Mama akanisomea kwa simu, pole pole,
neno langu mwenyewe, kwa sauti iliyonifundisha kusema.

Na Imrich nyuma yake, nilimsikia:
"Mwambie shamba lina jina. Tunaliita Chini ya Mierebi.
Babu hakupanda mierebi kwa ujinga.
Kila masika maji yaliingia, yakalala siku nane, yakaaga.
Mto tulishaupa nafasi
kabla hawajajifunza kuitamka.
Ila sisi tuliuita kwa jina,
nao ulitujua."

Sikuwa na jibu. Nikasema laini ni mbaya.

Maji yakimwagika hayazoleki:
ibara ya tisa imepita, imepigwa muhuri,
na kwa haki, ni ibara njema.
Vijiji vitatu vya bondeni vimekauka miguu mwaka huu.
Hilo nalo liandikwe.

Alhamisi nilikwenda kantini. Supu ya vitunguu.
Nikamsimulia Wietske habari za mierebi,
za viatu vya tope, za Eneo anayedai shamba.
Hakucheka. Kijiko kilibaki hewani, kikipoa.
"Kumbe hatukuwauliza," alisema, "wanauitaje."

Kijana mmoja meza ya pili, simjui, wa idara nyingine,
alikuwa akipapasa mifuko yake
akitafuta kalamu.