Vuta Mara Mbili

Mimi ni mchimba visima, wa Ediofe, Arua.
Nimeshuka futi sabini chini ya ardhi ya Terego
na tochi kichwani, na sururu fupi,
mwanga wa juu ukinywea hadi ukawa kifungo cha shati.
Sikuogopa.
Kule chini mtu anajua anachokikanyaga.

Lakini tiketi hii
nimeikunja na kuikunjua hadi jina la Osaka limepauka.
Entebe mpaka Doha, Doha mpaka huko zinakotengenezwa pampu,
peke yangu, juu ya hewa.
Hewa! Nani amewahi kuijengea ukuta wa matofali?

Usiku wa mwisho, chumba cha kupanga pale Kitoro,
Onzima alikoroma kama jenereta la mkopo
nami nikahesabu mbu nje ya chandarua.
Nikakagua pasipoti. Nikaenda msalani.
Nikakagua pasipoti.
Saa tisa nikamwamsha: Turudi nyumbani.
Hakuwasha taa. Akasema,
"Maji umeshayavulia nguo, Ayikobua.
Na nguo zenyewe umenunua mpya."

Miaka kumi na minne, ndiye ashikaye kamba yangu.
Tuna lugha yetu: vuta mara moja, teremsha ndoo;
mara tatu, nitoe, upesi, hewa imeharibika;
mara mbili, nipo.
Basi. Nipo.
Siku udongo uliponiporomokea
ukanifunika mpaka kifuani,
sauti sikuwa nayo, nilikuwa na mkono mmoja.
Nilivuta mara mbili kwanza.
Halafu ndipo tatu.

Mlangoni pa uwanja askari akamzuia: wasafiri tu.
Tukasimama kama watu wanaodaiana.
"Sasa nani atashika?" nikamwuliza.
Akazitazama kucha zake,
bado zina udongo mwekundu wa juma lililopita.
"Ukitua, nibipu. Mara mbili. Sitapokea."

Chupa yangu ya asali ilibaki kwenye ukaguzi.
Mkanda wa kiti nilitaka kuupiga fundo;
mzee wa Kihindi jirani yangu akanionyesha kifungo
bila kunitazama usoni, na kwa hilo nilimshukuru.
Ndege ikakimbia. Magoti yangu yakaitangulia.
Ziwa likainama, likasimama wima dirishani
kama maji kwenye karai linalomwagwa,
nikafumba macho
nikanusa, kwa mazoea tu,
kama ninusavyo kisima kabla ya kuteremka:
kahawa, sabuni, soksi za mtu.
Hewa nzima. Mshumaa ungewaka.

Nilipofumbua, kioo kidogo mbele yangu kilikuwa kinahesabu:
futi elfu mbili,
elfu tano,
elfu tisa.
Namba za futi! Hizo ni kazi yangu.
Nikazifuata moja moja, kama mafundo ya kamba yapitayo kiganjani.
Kisima hiki, nikajiambia, kimepinduliwa tu.
Nachimba kwenda juu, kifusi chake mawingu,
na lile duara la mwanga safari hii liko chini:
Entebe inawasha taa zake,
kifungo cha shati
kinazidi kunywea, wala hakikatiki.

Sisemi hofu iliondoka.
Nilikula nayo wali na kuku, ikaniachia mkate.
Mahali fulani juu ya Sudani
ikasinzia kabla yangu.

Doha, usiku mkubwa. Sakafu inang'aa
hata nikaona haya kuikanyaga.
Nikatafuta jina lake, vidole havitulii.
Ikaita. Nikakata.
Ikaita. Nikakata.

Watu wakapita na masanduku yao ya magurudumu.
Nikangoja, kama ningojavyo kule chini
baada ya kuvuta, uso juu, mdomo wazi.

Kisha simu ikatikisika mkononi mwangu,
ikanyamaza,
ikatikisika tena.