Blanketi la Rojo

Julai, Newala. Jua limechukua likizo bila barua.
Tangu Jumatatu wingu limekaa juu ya bati
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu,
na manyunyu haya si mvua, si umande,
ni kitu cha katikati
kinachokulowesha bila kukugusa.

Mchele niliuloweka jana.
Nimeusaga na tui la nazi mbili
zilizopanda mlima kutoka Mikindani
ndani ya kiroba cha dagaa;
iliki nane, sukari kwa macho, hamira kijiko.
Lakini hamira nayo ina mwili. Baridi imeiingia,
imejikunyata chini ya bakuli, haitaki kazi.
Siku za joto rojo huumuka
kabla sijamaliza kuosha blenda.
Leo nimelivisha blanketi langu mwenyewe,
nikalilaza kitandani pangu,
nikatoka.

Nimevaa sweta la mtumba lenye mnyama kifuani,
pembe zake matawi. Jina lake silijui.
Huko kwao nadhani alizoea:
sisi wawili, anayetetemeka ni mmoja.

Njia ya kwenda Shimo la Mungu imelainika,
mchanga mwekundu hausemi chini ya kandambili.
Mbaazi zimechanua njano huku na huku,
muhogo una tone kwenye kila kidole cha jani,
na mikorosho, iliyopulizwa salfa jana,
inanuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.
Sioni mbele zaidi ya hatua kumi.
Hatua kumi zinanitosha.
Nikizimaliza napewa nyingine.

Ndani ya ukungu mtu husikika kabla hajaonekana.
Nikasikia kikohozi, jembe likigonga jembe,
nami kwa adabu nikalitupia giza jeupe:
"Shikamoo!"
"Marahaba," sauti nzito ikaitika. "Hujambo?"
"Sijambo, baba."
Akatokea Likanda, wa darasa la sita,
mafua yamemkaa kooni,
majembe mawili begani.
Tukatazamana.
Alicheka yeye kwanza. Mimi nilishika mkorosho
nisianguke.

Ukingoni hapakuwa na kitu cha kutazama.
Siku nyingine utaona bonde, Ruvuma kama uzi,
na ng'ambo yake nchi ya watu.
Leo Shimo limejaa tui hadi mdomoni.
Nikasimama mbele ya kutokuona
muda mrefu kuliko ninavyosimama mbele ya kuona.

Simu ikalia. Dada yangu Somoe, yuko Temeke:
"Nasikia huko baridi inaua. Pole, mdogo wangu.
Sisi hapa angalau tunawasha feni. Njoo ukae nasi."
Nikaipokea pole yake kwa mikono miwili.
Nikakohoa kidogo, nyongeza.
Ningemwambiaje?
Raha nyingine ukiitangaza
inapandiwa basi.

Nyumbani rojo lilikuwa limeamka,
limesukuma kifuniko, limelowesha pembe ya blanketi;
usiku nitalala na harufu ya iliki.
Sufuria, samli, makaa chini, makaa juu ya mfuniko.
Marehemu mama alikuwa akisema:
moto wa juu uwe mwingi kama maneno ya mawifi,
wa chini uwe mdogo
kama msaada wao.

Upande mmoja umeungua.
Nilitoka kutazama wingu likishukia paa la kina Chitanda,
likamla jogoo, likaula mpapai,
nikasahau kuzungusha sufuria.
Kipande cheusi nimekila mwenyewe kwa chai ya mchaichai,
mlango wazi, miguu ndani ya soksi za mume wangu
ambaye yuko zamu na anazitafuta.
Robo nzima nimempelekea Likanda.
"Shikamoo," nikamwambia.
Akaitika, bila aibu, mdomo umejaa.

Redio inasema kesho jua litatoka.
Nimeizima.
Nimeloweka mchele mwingine.