Siku Nne za Bangkok

Nimetandaza karatasi juu ya meza ya kupigia pasi,
hapa Mabela, kiyoyozi kinakohoa,
nje joto limekaa barazani kama mdai.
Likizo nimepewa siku nne
na mkuu wa zahanati kanitazama
kana kwamba nimemkopa.
Kalamu ni ya Taqwa, ya zambarau,
nyengine zote zimekauka.

Siku ya kwanza, nikaandika: *kufika*.
Hilal akachungulia begani.
"Kufika nako ni shughuli?"
Ni shughuli. Nimefika Nizwa, nimefika Makka,
nimefika Dubai kwa arusi za watu.
Mahali pasipo mtu wa kuniuliza
mimi binti nani, wa kabila gani,
sijapata kufika.

Siku ya pili ndiyo iliyojaa.
Kasri, na yule Budha aliyelala
(Taqwa anauliza: kalala, au anaumwa?),
soko la maua, soko la nguo, soko jengine
ambalo wifi yangu Shinuna kaniapisha nisirudi sijapita,
kwani mashuka ya huko, anasema, hayachuji.
Na mafuta ya kuchulia magoti ya Bi Zawan,
kichupa cha kijani, si chekundu,
chekundu kinamuwasha.
Nikahesabu saa. Zikanishia adhuhuri
na bado nina masoko mawili na mto.

Hilal anataka kujua jambo moja tu:
wali wa halali uko wapi.
Nikamtilia viduara vitatu kwenye ramani.
Njia za mji ule zimesokotana kama tambi za Ramadhani,
na mie nimezoea barabara moja:
kwenda, milima kulia,
kurudi, milima kushoto,
huwezi kupotea hata ukitaka.

Nikafuta soko la maua.
Nikalirudisha.

Biju wa ofisi ya tiketi, Ruwi, akapiga simu.
"Madamu, mwezi wa nane usiende. Mvua.
Kila siku mvua. Ngoja Disemba."
Shinuna naye: "Utapanda ndege ukaroe?"
Hilal: "Tulipe pesa zote zile tukashike mwavuli?"
Nikawaitikia wote, naam, kweli, naam.

"Na hoteli," akasema Biju, "zilizobaki ni ghali.
Iko moja rahisi, lakini sikushauri.
Wateja wangu wamelalamika:
chini ya dirisha pana jiko, lina paa la bati,
mvua ikipiga, hakuna kulala."

Nikanyamaza hata akadhani simu imekatika.

Hapa paa letu ni la zege.
Mvua huja mara moja kwa mwaka, ikija huja na hasira,
hufunga skuli, hubeba magari wadini,
ikaondoka, na ndani ya nyumba hujaisikia.
Nilikuwa na miaka saba tulipohama Kikwajuni.
Nyuso zimenifutika. Bati sijalisahau.
Masika, mama akisema kitu, hatusikii,
akisema tena kwa kupaza, hatusikii,
mwisho anacheka, anakaa chini na bakuli lake,
na nyumba nzima imepewa ruhusa
ya kutozungumza.

Sijapewa tena ruhusa ile.

"Niwekee hiyo," nikamwambia.
"Ipi, Madamu?"
"Hiyo ya bati."
"Madamu, nimesema wamelalamika."
"Nimekusikia, Biju."

Hilal aliponiuliza nimeipendea nini
nikasema bei.
Si uongo mkubwa. Bei ni nzuri.

Nikarudi kwenye karatasi yangu.
Siku ya tatu, pale palipokuwa na mto,
na daraja, na soko la mashuka,
nimepiga mstari mmoja wa zambarau
na chini yake sikuandika kitu.
Siku ya nne ni kurudi.
Kurudi sisi tunakujua, hakutaki kalamu.

Shinuna atanuna.
Mashuka hata Ruwi yapo.