Doa kwenye Dodoso

Wizara imenituma na maswali arobaini na moja
niulize kama taifa linakula vema,
kama taifa linatembea.
Nimepewa kalamu mbili, beji, na jengo la zege
nyuma ya kituo cha treni, mjini Vsetín,
ambako lifti imekufa tangu Februari
na hakuna aliyeizika.

Basi taifa naliendea ngazi kwa ngazi,
pumzi yangu ikibisha hodi kabla ya mkono.

Ghorofa ya kwanza ni bwana Hynek,
dereva wa lori mstaafu, shingo imezama mabegani.
Swali la tisa: mboga, mara ngapi kwa wiki?
"Kabichi. Kila siku."
Kabichi ipi?
Ile inayolala ubavuni mwa nyama ya nguruwe
pamoja na matonge ya unga yakatwayo kwa uzi,
juu yake mchuzi mzito kama Jumapili mchana.
Na bia?
"Bia si kinywaji, mwanangu.
Bia ni mkate uliochoka kutafunwa."
Naandika: mkate. Nafuta. Naandika: bia, tatu.
Namtazama.
Naandika: tano.

Ghorofa ya tatu, Radim, kijana wa kompyuta,
anakula majani kwenye bakuli la plastiki.
Simu yake inamhesabia hatua:
elfu kumi na mbili jana, tazama,
na kijani kinamulika kama pongezi.
Nakaribia kumpa alama zote
mpaka mbwa anaporudi, ametembezwa na mtoto wa jirani,
ulimi nje,
saa ya kuhesabia hatua imefungwa kwenye ukosi wake.
Tunatazamana, sisi watatu.
Mbwa ndiye pekee asiyeona aibu.

Zdislava anajibu kupitia ufa wa mlango.
Ametoka zamu ya usiku, watoto wamelala.
Kifungua kinywa, saa ngapi?
"Kipi? Nilichokula saa tisa usiku mbele ya mashine ya soda,
au hiki ambacho wewe unanichelewesha?"
Kwa siku unakaa kitako saa ngapi?
Anacheka hadi anashika fremu ya mlango,
anacheka bila sauti, kwa ajili ya watoto.
"Andika: nikipata."
Hakuna kisanduku cha nikipata.

Ya sita. Magoti yangu yana maoni.
Bibi Květoslava, themanini na mitatu,
ananipakia mafuta ya nguruwe juu ya mkate,
kitunguu kibichi, chumvi ya kutosha kuua fomu nzima.
Mazoezi?
"Sijawahi. Mazoezi ni ya watu waliokosa kazi."
Kando ya mlango, buti zina tope bichi,
na kikapu cha uyoga kutoka msituni,
na viazi kilo nne
ambavyo havikupanda hapa vyenyewe.

Nimeshajaza nusu ya hitimisho langu zuri,
ndipo anaponyoosha kisu kuelekea picha ukutani.
"Otakar. Mkate huuhuu. Mafuta hayahaya.
Msitu uleule, yeye mbele, mimi nyuma.
Hamsini na minane.
Ilikuwa hapo chini, ngazi ya ghorofa ya pili,
mifuko mikononi. Hata yai moja halikuvunjika."
Anakata kipande kingine.
"Lina swali hilo, karatasi lako?"

Halina.

Jioni nakula chipsi nimesimama kituo cha basi,
mimi, mtumishi wa afya ya umma,
basi limechelewa na kutembea ni mbali.
Swali la arobaini na moja:
kwa jumla, hali ya afya ya nchi yako ikoje?
Nzuri. Wastani. Mbaya. Sijui.

Kwenye ukurasa wa Bibi, safu ya mboga,
mafuta yamedondoka.
Hapo karatasi imekuwa dirisha:
nikiinua kwenye taa ya kituo
nauona ukurasa wa jirani ukipita ndani yake,
soda ya Zdislava juu ya kitunguu cha Bibi.
Mkuu wa takwimu atauliza doa hili ni la nini.
Vidole vyangu bado vinanuka kitunguu.
Sijavinawa.