Unyaufu

Niliwahi kutunga kwa vina na mizani,
nane kwa nane, kituo kikirudi mahali pake.
Hili halitakuwa hivyo.
Misimu kumi na mmoja nimekuwa karani wa mizani
ghalani Kitangari,
na neno hilo siliamini tena.

Sikiliza hesabu.
Bi Somoe Nampota, anayekaa nyuma ya josho,
mwezi wa pili, mahindi yamekwisha,
mhogo bado una unene wa kidole,
alichukua debe la unga na pesa ya sare ya mjukuu.
Mkataba ulikuwa tumbo. Sahihi ilikuwa ahsante.
Deni likahesabiwa kwa kangomba,
kile kikopo kilichogongwa kwa ndani
mpaka kitako kikatuna.

Akapalilia.
Akapuliza salfa ya mkopo hadi kope zikawa njano.
Mwezi wa kumi akainama chini ya kila mkorosho,
akikonyoa korosho kwenye bibo,
bibo huku, korosho huku,
mgongo wake hauko popote.
Magunia manne.
Yaliingia ghalani kwa jina la mtu
ambaye viatu vyake havijui rangi ya udongo wetu.
Mimi ndiye niliyeliandika jina hilo.
Kwa mwandiko mzuri.

Na bado kila gunia lakatwa kilo moja ya unyaufu.
Kitabu kinasema jua limekula.
Msimu mzima, tani tatu, jua limekula.
Nimelitazama jua la Newala tangu utotoni:
linachomoza jembamba, linatua jembamba.
Kitambi nimekiona kwingine.

Korosho inavuka maji na ganda lake,
inabanguliwa na wanawake wa mbali,
vidole vyao vinaunguzwa na mafuta yaleyale
(ningependa kuwauliza, wao hukatwa unyaufu wa nini?)
kisha inarudi Mtwara mjini ndani ya kopo,
punje chache, chumvi kidogo,
kwa bei ya debe la unga.
Kiwanda chetu cha kubangua kina popo na mlinzi.
Mlinzi analipwa kulinda popo.

Wataniambia: soko ndilo limeamua.
Soko la Kitangari nalijua.
Lina ndizi, lina dagaa,
lina Chinguile anayeshona ndala kwa uzi wa nyavu.
Halijawahi kuamua chochote.

Usidhani naililia zamani.
Baba alihamishwa kwa lori,
mikorosho yake ikabaki porini ikizalia nyani,
na aliyekuja kumwita ndugu
alikuwa na beji, hakuwa na jembe.
Lakini neno lenyewe halikuwa na kosa.
Baba aliendelea kulitumia hadi anakufa,
hata kwa mbuzi.

Jana Bi Somoe alikuja kuomba aone kitabu.
Hasomi.
Aliweka kidole, kile cheusi chenye kovu la ganda,
juu ya jina nililomwonyesha, akauliza:
"Huyu naye alipuliza?"
Nikasema hapana.
"Aliokota?"
Hapana.
"Mtoto wake alikosa shule wiki ya kuokota?"
Nikanyamaza.
"Basi andika hapo kando. Sikwambii ufute.
Andika tu hapana."

Nikaandika. Kwa wino.

Leo asubuhi wamekuja wengine,
foleni imefika kwenye bomba lisilotoa maji,
kila mmoja na kidole chake.
Hawapigi kelele. Wanaulizana bei ya chumvi.
Mimi naandika, hapana, hapana,
pambizo ni jembamba, naanza kupinda mistari
kama mtoto wa darasa la pili.

Mkaguzi anakuja Alhamisi.
Atauliza hizi hapana zina uzito gani.
Sijui.
Hazikupita kwenye mizani.