Mizani ya Jumatano

Khakasa, tawi lako wamelifuta.
Nimeambiwa leo saa nne, kwenye chai,
na mtu aliyekuwa akitafuna mandazi.
"Kwenye seva halipo tena. Nawe kapogoe kwako,"
akasema, akapangusa sukari kidoleni
kama aliyemaliza hesabu.

Nikanyamaza. Ninayo Jumatano.

Jumatano, kabla mvua haijashuka kutoka milima ya Nandi,
bando likiwa limebaki robo, nilivuta.
Sikuwa na haja. Nilivuta tu,
kama mtu anayechungulia kwa jirani
aone kama taa inawaka.
Mashine ikaniandikia jina la ghala la mbali,
mkwaju,
kisha jina ulilolipa tawi: mizani.

Wengi hudhani jina lile ni wewe mwenyewe.
Sivyo. Ni pale nilipokuona mwisho.
Halisogei ukisogea.
Ungeandika mistari mia huko Webuye,
kwangu ungebaki palepale,
saa tisa na dakika kumi na mbili, mawingu yakijikusanya.
Wala humo hamkaliki.
Anayeingia kuandika juu ya kivuli
hujikuta kichwa kinaelea, kiwiliwili hakipo,
na kila alichoandika hakina kwao.

Nimesoma tena ulichokifanya.
Mstari mmoja! Watu wamefukuzana kwa mstari mmoja.
Programu ya zamani ilipenda sifuri mwishoni:
trela ya Dorsila Apondi ikipanda mizani
tani saba na kilo tisini na nne,
risiti inasema tisini.
Kilo nne, nani atalilia kilo nne?
Zidisha kwa trela mia mbili, kila siku ya Mungu,
uniambie huyo anayekula mia nane anaishi wapi.
Wewe ukaiondoa ile sifuri,
ukaandika chini yake, bila alama ya mshangao:
kilo za mtu zihesabiwe zote.

Ijumaa meneja akakuita.
Mlango ulifungwa kwa dakika sita.
Ulitoka na kikombe chako
na chaja yangu.

Sasa ni usiku, Mamboleo.
Trekta za miwa bado zinanguruma barabarani,
vijana wanakimbia nyuma wakichomoa mabua,
na betri yangu, kwa sababu yako, ina thelathini na moja.

Amri ya kupogoa naijua. Ni fupi.
Ningeibonyeza, kivuli kingeondoka kimyakimya,
nami kesho ningekunywa chai na wenzangu, safi,
mtu ambaye mashine yake inakubaliana na seva.

Ishirini na nane.

Nikaiambia: kutoka alama ile ya Jumatano
nichipuzie tawi langu, la hapa,
liitwe mizani vilevile, lifuate lile la mbali.
Haikuuliza kama la mbali lingali hai.
Ikajibu kwa sentensi moja kwamba tawi limeumbwa na linafuata,
na kwa kitambo kile lilifuata kisichokuwepo,
kama mtoto anayepewa jina la marehemu
na kulia papo hapo, akidai maziwa.

Nikaliingia. Kichwa kikakaa mabegani.
Mstari wako ulikuwepo, na tarehe yako, na jina lako
na ile herufi kubwa unayoisahau kila mara.
Sikuongeza kitu.

Kumi na tisa. Nikasukuma.
Kilobaiti tatu zikaondoka kwenda seva,
nyepesi kuliko ganda la muwa.

Asubuhi meneja ataliona, na jina langu kama mtu aliyelisukuma.
Hayo ni ya asubuhi.

Lakini huko kwako, Khakasa, hakuna kitakachotikisika.
Labda kivuli chako ulikipogoa kwa hasira,
labda kimesimama Ijumaa, mlango ukiwa umefungwa.
Hakitajua lolote mpaka mkono wako ukiambie.

Kwa hiyo vuta.
Ukishaliona, usinipigie, betri itakuwa imezima.
Nitumie chaja na gari la asubuhi.