Lakiri

Kazi yangu mimi ilikuwa moto.
Moto mdogo, wa mshumaa mmoja,
na kijiti chekundu cha lakiri
nilichokishika kama kidole cha mtoto
hadi kidondoshe tone kwenye ngozi ya kondoo.
Kisha bwana wangu, Osmund Hethersett,
alibonyeza muhuri,
na kule mbali, kwenye matope ya mashambani,
nyumba ya watawa ikapoteza kengele zake.

Baba yake alikuwa mfua sufu, Norfolk.
Alikanyaga vitambaa ndani ya mkojo uliochacha,
mkojo alioununua mlango kwa mlango kabla ya jua,
na Osmund ndiye aliyebeba ndoo.
Mabwana wa damu,
wenye majina marefu kuliko mashamba yao,
walinusa machungwa yaliyochomekwa karafuu
kila alipopita ukumbini.
Naye aliinama, akawajulia hali wake zao.
Deni la kila mmoja alilijua hadi peni ya mwisho.

Watu huniuliza alipandaje.
Alijua kujumlisha. Basi.
Wengine walimletea mfalme mbwa wa kuwinda,
wapiga zeze, binti zao wenyewe;
yeye alileta karatasi moja:
risasi ya mapaa, fedha ya vikombe vya altare,
na chini, mstari, na jumla.
Mfalme aliisoma jumla kama mtu anukaye mkate.

Alikuwa bahili, Mungu amrehemu.
Vijiti kumi na viwili kwa mwezi, akivihesabu.
Siku nilipotupa kipande kifupi
alikiokota sakafuni, akakipuliza vumbi:
"Watkin, hiki kinatosha amri moja."
Akanikata pombe ya siku mbili.
Akanifundisha pia kushika mkono.
"Ukitetemeka, tone huenda upande,
na watu watasoma woga wako
kabla hawajasoma barua."

Majira ya baridi yale aliandika sheria:
mtu ahukumiwe bila kuitwa, bila kuulizwa,
jina lake lisomwe tu, Bunge liseme ndiyo.
Usiku wa manane akanigeuzia karatasi.
"Ni fupi mno?"
Nikasema fupi ndiyo nzuri.
Nilitaka kwenda kulala.

Watasema mchimba kisima huingia mwenyewe.
Sikubali. Kisima kilikuwapo tangu zamani,
na waliokwishazama humo hatukuwahesabu.
Yeye alipima mdomo wake tu,
akaandika upana pembeni, kwa wino safi.

Mwezi wa sita, baraza lilianza saa moja mapema
na yeye hakuambiwa.
Alipoingia, juu ya kiti chake palikuwa na kofia ya mtu mwingine.
Aliitazama ile kofia kwa muda mrefu.
Hakuna aliyeiondoa.
Mmoja alisoma jina lake, mwingine akasema ndiyo,
wa tatu akawa anamenya chungwa.

Kisha wakaniita.
Amri ilikuwa tayari, ila lakiri imekwisha mezani.
Mimi, mfukoni, nilikuwa na kipande.
Urefu wa ukucha wa gumba.

Ningeweza kusema sina.
Wangemtuma kijana mwingine, angerudi na kijiti kizima,
na bwana wangu angeishi mwendo wa ngazi mbili, kupanda na kushuka.
Sikumpa hata ngazi hizo.
Nikawasha mshumaa.
Mkono haukutetemeka.
Tone likaanguka katikati, la duara, bila povu,
naye alinyoosha shingo kulikagua,
kama desturi yake,
na naamini, ingawa siwezi kuapa,
kwamba aliitikia kwa kichwa.

Sasa nauza mishumaa ya mafuta ya ng'ombe, Lynn.
Sisley huniuliza kwa nini nazima utambi kwa vidole.
Kwenye kiganja nina kovu dogo, jekundu, la mviringo,
na wateja hudhani ni la siku ile.
Siyo.
Ni la siku ya kwanza,
nilipokuwa bado natetemeka,
na yeye akakishika kiganja changu, akakitia ndani ya bakuli la maji,
asiseme neno.